Ndama wa Bi Mwaka

Juzi mtoto wa jirani aliniletea bakuli la dang'a, limefunikwa kwa kawa, lingali moto. "Ng'ombe wetu kazaa, bibi kanambia nikuletee." Nikalipokea, nikawaombea kheri yeye na ng'ombe wao, nikaliweka mezani. Nilipofunua, harufu ya yale maziwa mazito ya siku ya kwanza, yaliyopikwa kwa sukari na hiliki mpaka yakaganda, ikajaa chumba kizima. Wenzangu niliokua nao wakiipata harufu hiyo hulainika mara moja, wakaanza "enzi zetu, enzi zetu", na mmoja wao hulia kabisa. Mimi machozi yangu hayako karibu namna hiyo. Nilikula kijiko baada ya kijiko, ikawa tamu, na nilipomaliza nikajikuta nimeshafika mbali, kwenye zizi la baba yangu, njia ya kwendea Fumba, na mimi ni mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanaanza kulegea.

Baba alikuwa na ng'ombe wachache, wale wetu wadogo wenye nundu. Ardhi ilikuwa ya mawe, majani yanaota baina ya jiwe na jiwe, na ng'ombe wakajifunza kuyachokoa kwa ulimi. Kila alfajiri Baba alikamua, akatia maziwa katika madebe, akayafunga kwenye baiskeli na kwenda kuyauza mjini, kwa Wahindi wenye maduka ambao walimjua kwa kengele yake. Sisi watoto wa mfugaji maziwa tuliyajua kwa harufu zaidi kuliko kwa ladha. Isipokuwa dang'a. Dang'a haiuzwi. Hiyo ilipikwa nyumbani na kupelekwa kwa majirani, kila nyumba bakuli lake, na iliyobaki ilikuwa yetu.

Ng'ombe wengi walizaa wakati wa masika, majani yakiwa mengi, na huo ndio wakati maadui wote wa ndama hutoka kwa pamoja. Mvua ya baridi, nzi, kupe, siafu waliofukuzwa mashimoni mwao na maji. Na kunguru. Mtu wa mjini anamjua kunguru kuwa ni mwizi wa samaki, anamtukana na yamekwisha. Kwetu sisi kunguru alikuwa muuaji. Alikaa juu ya mnazi akimtazama ng'ombe mwenye uchungu tangu asubuhi, na ndama akidondoka tu, bado maji maji, hajajua hata kuinua shingo, alishuka na jamaa zake. Walianza na kitovu. Kisha macho.

Kwa hiyo ndama alikaliwa. Ndivyo tulivyosema, kumkalia ndama. Mama alipaka kitovu majivu, akawasha moto wa makumbi ya nazi yaliyochanganywa na mavi makavu ili moshi ufukuze nzi, na mtoto mmoja akapewa fimbo na kuambiwa asiondoke. Nyumbani kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi, kwa sababu mwingine hakuwako.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja akiitwa Marashi. Baba alimpa jina hilo kwa utani, kwani hakuna aliyependa kujigaragaza katika uchafu wake kama yeye. Alikuwa na maziwa kuliko wote, lakini ndama zake hawakukaa. Wa kwanza alimalizwa na siafu. Wa pili alisimama, akanyonya, akarukaruka, akafa bila ya sababu, na Baba aliporudi na jembe la kuchimbia hakusema utani wowote. Marashi alilia siku nyingi, maziwa yakakauka. Alipobeba mimba ya tatu, Baba alisema huyu naye akifa, Marashi atakwenda kwa mchinjaji. Alilisema hivi hivi, kama anavyosema mtu mvua itanyesha.

Alizaa alasiri, mvua imepumzika kidogo. Ndama jike, mwekundu, ana doa jeupe katika paji la uso. Baba alifungua kinywa kusema neno la kumsifu, na Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Sikuwa nimepata kumuona akimgusa Baba mbele za mtu.

"Mbaya," Mama alisema kwa sauti kubwa. "Tazama miguu yake ilivyopinda. Huyu si wa kufugwa."

Akamfunika ndama kwa gunia, akamkumbatia hivyo hivyo na tope lake, akampeleka nyuma ya jiko, kwenye jaa, palipotupwa majivu na mifupa ya samaki na vifuu. Akamlaza pale juu. Kisha akampa mgongo. Mimi nilikimbilia na fimbo yangu, maana kunguru walikuwa wameshaona, na Marashi kule zizini alikuwa akilia kwa nguvu hata kuku wakajificha.

Ndipo Bi Mwaka akaja. Bi Mwaka alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume ambaye alikuwa mtu mzima, anapakua mizigo bandarini. Alikuja kama mtu mpita njia, ilhali nilimuona kwa macho yangu akisubiri mlangoni kwake.

"Hodi hapa," alisema. "Naona mtu katupa kitu jaani."

"Mie sijui," Mama alijibu bila ya kugeuka. "Si changu."

"Basi mie nnakiokota."

"Okota."

Bi Mwaka akachukua chumvi iliyofungwa katika pindo la kanga yake, akaitia katika kiganja cha Mama kwa nyuma, nao hawakutazamana. Halafu wote wawili wakamwinua ndama, wakampeleka kwa Marashi, na Marashi akamlamba tope na majivu yote bila ya kuchagua. Tangu saa ile hakuwa ndama wetu. Alikuwa ndama wa Bi Mwaka, na aliyekosea kusema alikatizwa.

Nilimuuliza Baba siku ya pili, akiwa anakamua.

"Kwani Bi Mwaka tumempa ndama?"

"Tumempa."

"Kwa nini?"

"Ili aishi. Wetu sisi hawaishi."

"Na akiwa wa Bi Mwaka ataishi?"

Baba akacheka, uso ubavuni mwa ng'ombe. "Wewe si umeishi? Na wewe ulitupwa jaani vile vile, Bi Mwaka akakuokota. Ulilia hata kunguru wakahama mtaa."

Alinieleza, kwa namna yake ya kueleza, huku anacheka na huku maziwa yanapiga debe. Kabla yangu Mama alizika watoto wake, wote wavulana, na hakuna aliyewahi kutambaa. Nilipozaliwa mimi akanipeleka jaani, nikaokotwa, akapewa chumvi yake, ili kile kinachochukua watoto wake kipite mlangoni kikose cha kuchukua. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyachukia mambo haya na akiyakataza kila Ijumaa. Watu walimwitikia, wakaenda nyumbani wakafanya. Yote hayo Baba aliyasema, naamini. Lakini mtoto hushika kile anachokiweza. Habari za kuhadaa mauti zilinipita, nazo zilisemwa kwa kicheko. Nilichoshika mimi ni kwamba nilitolewa.

Na kilikaa mahali pake vizuri. Tangu nilipojitambua niliitwa mtoto wa Bi Mwaka. Hapa namwita Mama ili mnifahamu, lakini wakati ule kinywani mwangu alikuwa Bi Kazija, nami nilidhani kila mtoto ana Bi Kazija wake. Hakunipakata mbele ya watu. Akinisuka nywele alitazama pembeni. Akinivisha nguo mpya ya Sikukuu alinipaka masizi katika paji la uso na kusema, "Kioja gani hiki," na mgeni akinisifu alitafuta haraka la kunitukania. Hayo hayakuwa yakinisumbua. Sasa yalipata maana yake. Mimi nilikuwa kitu cha mwenyewe kilichowekwa hapa kulelewa. Sikumbuki kuhuzunika. Nakumbuka hali kama ya mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, unaubonyeza, na huusikii.

Nikarudi kumkalia ndama. Nilikaa naye mchana kutwa, moshi machoni, fimbo mkononi, na kwa kuwa nilishajua kuwa sisi ni wa hali moja nilimtazama kwa makini zaidi. Nilimtazama na Mama vile vile. Alikuja alfajiri kushika kitovu kama kimekauka. Alikuja na mvua, ameshika jamvi juu ya kichwa, kulifunika banda. Alimtoa kupe mmoja mmoja hata ndani ya masikio. Na kila alipomgusa alimsema.

"Ndama wa watu wewe. Ukifa ntamjibu nini Bi Mwaka?"

Maneno hayo niliyajua. Niliambiwa mimi, nikiwa na homa, amenifunika shuka na hakulala. Basi, nikasema moyoni, ndicho alichokuwa akikiogopa. Kujibu.

Masika yalipokuwa yanakwisha, Bi Mwaka alikuja barazani kwetu na habari kwamba anahama. Mwanawe kapata chumba mjini, mtaa wa Malindi, hataki mama yake aendelee kukaa shamba peke yake. Mama alisema kheri, inshaallah. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nachambua mchele.

"Na mali yangu je, Kazija?" Bi Mwaka akauliza.

"Mali yako ipo. Ukiitaka ichukue. Mie hapa sina changu."

"Ya miguu minne na ya miguu miwili?"

"Yote yako."

Wakacheka wote wawili. Leo najua kwa nini ilimlazimu Mama ajibu vile. Mpaka ndama aachishwe ziwa, na mpaka mtoto ang'oke jino lake la kwanza la utoto, aliyetoa hana ruhusa ya kusema "changu", hata kwa mchezo. Wakati ukifika hupeleka sinia la wali na kuku kwa aliyeokota, wakala pamoja, naye akakomboa. Akitangulia kabla ya wakati, kile kilichohadaiwa husikia na kurudi. Hiyo ndiyo itikadi yao na Mama aliiamini kama anavyoamini moto unaunguza. Lakini mimi siku ile, na ungo wa mchele magotini, nilifahamu jambo moja tu, kwamba mwenyewe anahama na anachukua vyake.

Nilimuuliza Baba nani atamkalia ndama mpaka achukuliwe. "Kwani wewe unakwenda wapi?" akasema. Nikamwambia kwa Bi Mwaka. Akasema haya, usichelewe kurudi, kwa kuwa kwa Bi Mwaka ilikuwa ni mlango wa pili na mimi niliingia na kutoka huko kila siku.

Asubuhi nilivaa gauni langu la pili juu ya la kwanza, nikajitanda kanga juu yake. Mama aliniambia, "Msindikize Bi Mwaka barabarani, umchukulie kikapu." Nikasema, "Naam." Nikasimama kidogo. Nilifikiri yapo ya kuambiwa. Alinitazama, akaona kanga yangu inabururika chini, akasema, "Usiichafue." Nikenda.

Gari la abiria lilikuja, lile la bodi ya mbao, Bi Mwaka akapanda na mizigo yake, nami nikapanda na kikapu na kukaa ubavuni pake.

"Na wewe waja?"

"Naam."

Alifurahi. "Ala! Kazija kanipa mtu wa kunisaidia kupanga vyombo, na wala hakunambia!" Wala hakushangaa zaidi ya hapo. Kwetu anayehama kupewa mtoto wa jirani akae naye siku mbili tatu ni jambo la kawaida, halihitaji maelezo. Gari likaondoka. Sikuangalia nyuma kwa sababu niliona hakuna la kuangalia.

Chumba kilikuwa ghorofani, ngazi zake zina giza hata mchana, na harufu ya papa mkavu ilipanda kutoka chini mpaka kwenye mito. Nilipanga vikombe. Nilikula mkate wa mofa. Nililala vizuri, na hilo hunishangaza mpaka leo. Asubuhi nilichukua ukuni mmoja nikaenda kukaa dirishani, kwani kule mapaani kunguru walikuwa wengi kuliko nilivyopata kuwaona maishani mwangu.

"Wafanya nini hapo?" Bi Mwaka aliniuliza.

"Nnafukuza kunguru."

"Kwani hapa pana ndama?"

Nikamtishia mmoja kwa ukuni. Baadaye kidogo nikamuuliza, "Sasa nikwite Mama?"

Alikuwa anapepeta unga. Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia hayo?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote kwa mpangilio, jaa na chumvi na miguu minne na miguu miwili, kama ninavyosoma chuoni. Bi Mwaka, mtu wa kucheka yule, hakucheka. Aliinuka, akatafuta buibui lake, akasema maskini Kazija, maskini Kazija, lazima apate salamu sasa hivi. Hakufika mlangoni. Nyayo zilikuwa zinapanda ngazi.

Alikuwa Mama. Sinia kichwani limefunikwa kwa kawa, kuku mzima kwapani, buibui limelowa mpaka magotini. Jana yake muuza madafu wa njia panda alimwambia kuwa nimepanda gari, na Baba alipokumbuka maneno aliyonieleza zizini na nilivyouliza habari ya ndama, walijua wote wawili nimekwenda nikiwa na nini kichwani. Usiku kucha alipika, na gari la kwanza likamkuta barabarani.

"Hodi," alisema, na aliingia kabla ya kukaribishwa. "Nimekuja kukomboa."

"Kazija, jino halijang'oka."

"Nnajua."

"Miaka yote umestahamili. Limebaki jambo dogo tu. Mchukue umrejeshe, nani kakukataza, lakini usiseme neno. Usilitaje."

Mama aliliweka sinia chini. Kuku akapata nafasi, akamtoka na kukimbilia mvunguni. "Muuza madafu kanambia hata hakugeuka nyuma," alisema. "Hakulia, Mwaka. Mtoto kapelekwa asikokujua, na hakulia. Mie nlikuwa nnamficha nani basi?"

"Na ndama?"

"Ndama abaki wako mpaka wakati wake. Mie nimekuja kumchukua mwanangu."

Bi Mwaka akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Mama akafungua pindo lake, akatoa chumvi, akaitia katika kiganja cha Bi Mwaka, mara hii wakitazamana. Kisha akapiga magoti mbele yangu na akanikumbatia. Alinuka moshi wa makumbi na maziwa. Nakumbuka kila kitu: baridi ya buibui, moyo wake unavyopiga katika sikio langu, kuku mvunguni. Nilisimama mikono imening'inia, nikingojea kije kile ambacho watu husema huja. Hakikuja.

"Nani anamkalia ndama?" nikauliza.

"Baba yako," alisema. "Baba yako anamkalia, mwanangu."

Njia nzima ya kurudi alinishika kifundo cha mkono. Kila gari liliposimama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa, na mara mbili alitia kidole kinywani mwangu kulijaribu lile jino kama lipo. Lilikuwepo. Liling'oka mwezi wa pili wake, bila ya ugomvi, nami sikufa. Ndama naye hakufa. Alikombolewa kwa sinia lake wakati wake, akawa ng'ombe mwenye maziwa kama Marashi, na Marashi hakwenda kwa mchinjaji.

Tangu siku ile Mama alilisema lile neno kutwa. Mwanangu njoo, mwanangu kula, mwanangu funga mlango mvua inaingia. Alikuwa mtu aliyeshinda na kiu na sasa kafika kisimani. Mimi niliitika, "Naam." Nilijifunza kumwita Mama kama unavyojifunza kumwita mwalimu, na sikukosea. Lakini neno lake lilinifikia kama limeitwa kwa mtu aliyekaa ubavuni pangu. Alikuwa akiningojea, nililiona hilo, hata nilipokuwa mwari, hata nilipoolewa, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe nikiwapakata mbele za watu. Mara nyingine alinyamaza katikati ya mazungumzo akanitazama, kama anayeuliza tayari? Nami nilimmiminia chai. Najua nilipendwa kuliko alivyopenda roho yake, maana aliiweka rehani mbele ya kitu alichokiogopa kuliko vyote. Nalijua kwa akili, kama ninavyojua njia ya kwendea sokoni.

Alikaa kwangu uzeeni na aliondoka mikononi mwangu, kwa wema, alhamdulillah. Nyumba ilijaa wanawake. Nilikuwa nimekaa jamvini miongoni mwa majirani, tasbihi mkononi, wakati muosha maiti alipotokeza kichwa mlangoni na kusema, "Mtoto wa marehemu yuko wapi? Aje amwoshe mama yake." Nami nikageuka, pamoja na wenzangu, kutazama nani atainuka.